Kujitolea katika makao ya sokwe yatima

Kujitolea katika makao ya sokwe yatima ni kazi isiyo na mshahara inayofanywa na watu waliosafiri kutoka nchi nyingine, hasa za Ulaya, Amerika Kaskazini na Australia, katika vituo vya Afrika vinavyotunza sokwe waliookolewa kutoka kwa wawindaji na wafanyabiashara haramu. Kazi hiyo ina sehemu mbili kuu: kuwasaidia watunzaji wenyeji kuwahudumia wanyama, na kuunga mkono elimu ya uhifadhi kwa watoto wa vijiji na miji ya jirani.

Makao ya aina hiyo yako katika nchi zaidi ya 10 za Afrika. Miongoni mwake ni Kisiwa cha Ngamba nchini Uganda, Sweetwaters nchini Kenya, Lwiro na JACK katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tchimpounga katika Jamhuri ya Kongo, Chimfunshi nchini Zambia na Tacugama nchini Sierra Leone. Si yote yanayopokea watu wa kujitolea kutoka nje, na yale yanayowapokea huwawekea masharti. Sababu ni kwamba hata mgeni mwenye nia njema anaweza kuleta madhara. Anaweza kuwaambukiza sokwe magonjwa, kuchukua nafasi ya kazi ya mwenyeji, au kueneza picha zinazochochea biashara ileile iliyowafanya sokwe hao kuwa yatima.

## Jinsi sokwe anavyokuwa yatima

Sokwe huishi katika misitu ya Afrika ya Magharibi, ya Kati na ya Mashariki. Upande wa mashariki wanapatikana Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo na magharibi mwa Tanzania, hasa katika hifadhi za Gombe na Mahale kando ya Ziwa Tanganyika. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili (IUCN) umewaorodhesha kuwa spishi iliyo hatarini kutoweka. Mkataba wa kimataifa wa CITES umewaweka katika orodha yake ya kwanza, hivyo hairuhusiwi kuwauza kibiashara kutoka nchi moja hadi nyingine.

Mtoto wa sokwe hunyonya kwa miaka minne hadi mitano na huendelea kumfuata mama yake kwa miaka kadhaa baada ya hapo. Mama hamwachi mtoto wake achukuliwe. Kwa hiyo anayetaka kumpata mtoto akiwa hai kwa kawaida humwua mama, na mara nyingi huwaua pia sokwe wengine wanaojaribu kumtetea. Watu wazima wa kundi huliwa au kuuzwa kama nyama ya porini, na mtoto huuzwa akiwa hai ili afugwe nyumbani, awekwe katika bustani ya wanyama au atumiwe katika maonyesho. Ripoti ya mwaka 2013 ya mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwaokoa sokwe na jamaa zao ilikadiria kwamba kati ya miaka 2005 na 2011 angalau sokwe, bonobo, gorila na orangutanu 22,218 walipotea kutoka misituni kutokana na biashara hiyo. Karibu theluthi mbili kati yao walikuwa sokwe.

Maafisa wa wanyamapori wanapomnyang'anya mfanyabiashara sokwe mchanga, hawawezi kumrudisha msituni siku ileile. Hajui kujitafutia chakula wala kujenga kiota cha kulalia, na kundi geni la sokwe linaweza kumwua. Mara nyingi ana utapiamlo, minyoo, au vidonda vya kamba na waya. Bila mahali pa kumpeleka, sheria inayokataza kumiliki sokwe haitekelezeki. Hii ndiyo kazi ya kwanza ya makao: kuiwezesha serikali kukamata.

## Historia

Majaribio ya kuwarudisha sokwe katika mazingira ya asili yalianza miaka ya 1960. Kati ya 1966 na 1969 Shirika la Wanyama la Frankfurt liliwaachia sokwe 17 waliokuwa wakifungwa Ulaya katika Kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, nchini Tanzania. Wazao wao bado wanaishi kisiwani humo.

Nchini Gambia, Stella Brewer alianza kuwatunza sokwe walionyang'anywa wafanyabiashara mwaka 1969. Mwaka 1977 alifika huko Mmarekani kijana, Janis Carter, akimsindikiza sokwe jike aliyeitwa Lucy, ambaye alikuwa amelelewa kama mtoto wa binadamu katika nyumba ya familia moja ya Marekani. Carter alikusudia kukaa wiki chache tu. Aligundua kwamba Lucy hakujua kuishi kama sokwe, akabaki miaka mingi katika kisiwa cha Mto Gambia akiwafundisha Lucy na wenzake kula majani na matunda ya porini, yeye mwenyewe akilala ndani ya kizimba kwa usalama wake. Lucy alikutwa amekufa mwaka 1987. Kisa hicho hutajwa mara nyingi kama mfano wa kujitoa kwa mtu mmoja, na pia kama onyo: sokwe aliyezoeshwa maisha ya watu huhitaji miaka mingi kuyaacha, na huenda asiyaache kabisa.

Mwaka 1983 David na Sheila Siddle walianza kutunza sokwe katika shamba lao la ng'ombe la Chimfunshi, katika Mkoa wa Copperbelt nchini Zambia. Sokwe wengi waliopelekwa huko walikuwa wamevushwa mpaka kutoka Kongo. Miaka ya 1990 ilileta makao mengi zaidi: Tchimpounga mwaka 1992, Limbe nchini Kamerun na Sweetwaters nchini Kenya mwaka 1993, Tacugama mwaka 1995 na Ngamba mwaka 1998. Mwaka 2000 wawakilishi wa makao mbalimbali walikutana nchini Uganda na kuunda Muungano wa Makao ya Wanyama wa Afrika Nzima, unaojulikana kwa kifupi PASA. Muungano huo huweka viwango vya utunzaji, hukagua wanachama wake na hutoa mafunzo kwa madaktari wa wanyama na walimu wa uhifadhi.

## Makao katika nchi zinazotumia Kiswahili

### Uganda

Kisiwa cha Ngamba kiko katika Ziwa Victoria, takriban kilomita 23 kutoka Entebbe. Kina ukubwa wa ekari 100 hivi, na sehemu kubwa ni msitu. Sokwe hawaogelei, hivyo maji ya ziwa ndiyo mpaka wao. Upande wa makazi ya watu umetengwa kwa uzio wa umeme. Wanyama hushinda msituni na wengi hurudi jioni kulala ndani. Msitu huo ni mdogo mno kuwalisha sokwe wapatao 50, kwa hiyo hupewa chakula mara kadhaa kwa siku, na wageni huwatazama kutoka kwenye jukwaa lililoinuliwa.

Mjini Entebbe kuna pia Kituo cha Elimu ya Wanyamapori cha Uganda. Kilianzishwa mwaka 1952 kama bustani ya wanyama, na mwaka 1994 kiligeuzwa kuwa kituo cha elimu. Hupokea makundi makubwa ya wanafunzi, na huwapa kazi watu wa kujitolea, wenyeji na wageni.

### Kenya

Kenya haina sokwe wa porini. Sokwe wa kwanza wa Sweetwaters, katika hifadhi ya Ol Pejeta kaunti ya Laikipia, waliletwa kutoka Burundi. Walikuwa wakitunzwa Bujumbura na Taasisi ya Jane Goodall, na vita vilipozuka mwaka 1993 ilibidi wahamishwe. Makao hayo yalianzishwa kwa makubaliano kati ya hifadhi hiyo, taasisi hiyo na Shirika la Wanyamapori la Kenya. Mto Ewaso Nyiro unayatenganisha makundi mawili ya sokwe.

### Kongo

Kituo cha Lwiro, mkoa wa Kivu Kusini, kilianza mwaka 2002 karibu na Hifadhi ya Kahuzi-Biega, kwa ushirikiano wa taasisi ya serikali ya uhifadhi (ICCN) na kituo cha utafiti wa sayansi cha Lwiro. Hutunza sokwe pamoja na aina nyingi za kima. Makao ya JACK yaliyoko Lubumbashi yalianzishwa mwaka 2006 na Franck na Roxane Chantereau. Mnamo Septemba 2022 watu waliingia humo usiku wakawateka sokwe wachanga watatu na kudai fedha ili wawarudishe. Tukio hilo lilionyesha kwamba hata baada ya kuokolewa, sokwe mchanga bado ni mali inayowindwa.

## Kazi za kila siku

Mtu anayefika akitarajia kubeba sokwe wachanga hukuta kazi tofauti. Kwa kawaida wanaojitolea hufanya haya:

* kupokea, kuosha, kukata na kupima matunda na mboga, na kupika uji;
* kusafisha vyumba vya kulala baada ya sokwe kutoka, na kuweka majani makavu au nyasi za kujengea viota;
* kutengeneza vitu vya kuwachangamsha wanyama, kwa mfano magogo yenye matundu ya asali ambayo sokwe huchokoa kwa vijiti kama anavyofanya kwenye kichuguu;
* kufyeka njia kando ya uzio ili majani yasiguse nyaya;
* kuandika kumbukumbu za tabia: nani amekula na nani, nani amepigana, nani anakohoa;
* kutunza bustani na vitalu vya miche;
* kusaidia kazi za ofisi, ufundi umeme, ujenzi na kompyuta, kulingana na ujuzi wa kila mmoja.

Kugusana na sokwe ni kazi ya watunzaji wa kudumu. Sokwe anayewasili huwekwa karantini, kwa kawaida kwa miezi mitatu hivi, akipimwa kifua kikuu na magonjwa mengine. Mtoto mchanga hupewa mlezi atakayemnywesha maziwa na kulala naye, kwa kuwa sokwe mchanga asiye na mtu wa kumshika hudhoofika na anaweza kufa hata kama ana chakula. Mlezi huyo hapaswi kubadilika kila mwezi. Mtoto aliyempoteza mama, kisha akampoteza mgeni aliyeondoka baada ya wiki sita, hufiwa mara ya pili. Baadaye huunganishwa na sokwe wengine hatua kwa hatua, kwanza kupitia wavu, kisha na mmoja mmoja, hadi apate kundi.

Sokwe aliyefikia umri wa miaka mitano hivi ana nguvu za kumwumiza mtu, na sokwe mzima anaweza kung'oa kidole au kuua. Mwaka 2006 sokwe 31 walitoroka Tacugama na dereva mmoja akauawa. Ndiyo maana funguo, milango na zamu husimamiwa na wafanyakazi wenye uzoefu pekee.

Makao mengi huwapa majike dawa za kuzuia mimba. Sokwe anaweza kuishi zaidi ya miaka 50, na kila anayezaliwa ndani huchukua nafasi ya yatima ambaye bado yuko mikononi mwa wafanyabiashara.

## Elimu ya uhifadhi kwa watoto

Makao hayawezi kuwamaliza wawindaji kwa kuwatunza yatima tu. Iwapo misitu itaendelea kukatwa na kundi baada ya kundi kuuawa, vyumba vitajaa. Kwa sababu hiyo karibu makao yote yana idara ya elimu, na walengwa wake wakuu ni watoto wa shule.

Katika Afrika ya Mashariki elimu hii ina mizizi ya zamani kuliko mtindo wa kujitolea kutoka nje. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianza mwaka 1968, na vya Uganda mwaka 1975. Tanzania ilipata Klabu za Malihai katika miaka ya 1980. Mwaka 1991 Jane Goodall alikutana nyumbani kwake Dar es Salaam na wanafunzi 12 wa sekondari waliotaka kufanya jambo kuhusu matatizo waliyoyaona, kuanzia uvuvi wa baruti hadi mateso ya wanyama sokoni. Kutokana na mkutano huo ulizaliwa mpango wa Roots & Shoots, maana yake "mizizi na machipukizi". Kila kundi la mpango huo huchagua lenyewe shughuli yenye faida kwa watu, kwa wanyama na kwa mazingira. Mpango huo umeenea katika nchi zaidi ya 60. Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960 akiwa na umri wa miaka 26, alifariki tarehe 1 Oktoba 2025.

Njia zinazotumika kuwafundisha watoto ni pamoja na:

* ziara za wanafunzi katika makao, ambako wengi wao humwona sokwe kwa mara ya kwanza;
* walimu wa makao kwenda shuleni wakiwa na picha, mafuvu na ramani za misitu;
* ngonjera, maigizo, nyimbo na mashindano ya uchoraji;
* vitalu vya miti na bustani za shule;
* semina za walimu, ili somo liendelee bila kumtegemea mgeni.

Mchango bora wa mtu wa kujitolea hapa kwa kawaida ni kuandaa vifaa, kusaidia kupima matokeo, kutafuta fedha za usafiri wa wanafunzi, na kubadilishana ujuzi na walimu. Kusimama mbele ya darasa ni kazi ya mwalimu anayeijua lugha na mazingira ya watoto. Somo linalofundishwa kwa Kiingereza au Kifaransa kwa watoto wa madarasa ya chini, tena kwa kupitia mkalimani, hupoteza nguvu. Katika Kivu na Lubumbashi, ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku, mtu wa kujitolea kutoka Tanzania au Kenya anaweza kuzungumza na watoto moja kwa moja, japo atalazimika kujifunza tofauti za Kiswahili cha huko. Tatizo lingine ni marudio: shule iliyo karibu na makao inaweza kupokea wageni wapya kila msimu, na wote wakaanza upya na somo lilelile la kwanza.

### Sokwe na mtoto wa mkulima

Elimu ya uhifadhi hukutana na swali gumu pale sokwe wanapoishi karibu na mashamba. Magharibi mwa Uganda, katika maeneo ya Hoima na Kagadi, misitu ya watu binafsi imekatwa kwa ajili ya kilimo, na sokwe waliobaki huingia mashambani kutafuta miwa, ndizi na mapapai. Wamewahi kuwajeruhi na kuwaua watoto wadogo. Mtoto wa huko akiambiwa tu kwamba sokwe ni rafiki na ndugu wa binadamu, ataona kwamba mwalimu hajui anachosema. Masomo yanayofaa huko hueleza mambo ya usalama: kutokwenda kisimani peke yako, kutokimbia wala kuwarushia mawe, kumwita mtu mzima. Kisha hueleza kwa nini sokwe wametoka msituni.

Shirika linaloendesha makao ya Ngamba limefanya kazi pia na wakulima wa eneo hilo. Katika jaribio la miaka miwili lililohusisha vijiji 121, wenye misitu katika karibu nusu ya vijiji hivyo walilipwa shilingi za Uganda 70,000 kwa kila hekta kwa mwaka wasipokata miti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba eneo la miti lilipungua kwa asilimia 4.2 katika vijiji vilivyopewa nafasi hiyo, na asilimia 9.1 katika vijiji vingine. Mfano huu huonyesha kwamba elimu ya mtoto hufanikiwa zaidi pale mzazi wake naye anapopata njia ya kuacha msitu ukiwa umesimama. Wazo hilohilo ndilo msingi wa mradi wa TACARE, ulioanzishwa mwaka 1994 katika vijiji vya mkoa wa Kigoma kuzunguka Gombe.

## Magonjwa

Sokwe ni jamaa wa karibu sana wa binadamu, na hupata magonjwa mengi ya binadamu. Mafua madogo kwa mgeni yanaweza kuwa kifo kwa sokwe. Mifano inayojulikana ni hii:

* Mwaka 1966 ugonjwa wa polio uliwapata sokwe wa Gombe baada ya kuenea kwa watu wa eneo hilo. Baadhi walikufa na wengine walipooza. Watafiti waliweka chanjo ndani ya ndizi.
* Katika msitu wa Taï nchini Cote d'Ivoire sokwe kadhaa walikufa kwa magonjwa ya kifua kati ya 1999 na 2006. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulithibitisha kwamba virusi vilitoka kwa binadamu.
* Mwaka 2013 sokwe 5 wa kundi la Kanyawara, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, walikufa kwa aina ya virusi ambayo kwa watu huleta mafua ya kawaida.

Mifano hiyo ni ya sokwe wa porini, ambao watu huwatazama kwa mbali. Katika makao hatari ni kubwa zaidi kwa sababu wanyama wako karibu na watu kila siku. Wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19 IUCN ilishauri watu wavae barakoa na kukaa umbali wa mita 10 au zaidi kutoka kwa sokwe, na makao yalifungwa kwa wageni. Kufungwa huko kulikatisha mapato yaliyotokana na watalii na watu wa kujitolea wanaolipa ada, huku wanyama wakihitaji chakula kilekile. Makao yaliyokuwa na watunzaji wa kudumu yaliendelea kufanya kazi kwa sababu kazi yenyewe haikuwategemea wageni.

## Suala la picha

Picha ya kijana akiwa amempakata sokwe mchanga ilikuwa kwa muda mrefu tangazo kuu la kuwavutia watu wa kujitolea. Utafiti uliofanywa nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2008 na 2011 ulionyesha kwamba watu wanaoona picha za sokwe akiwa pamoja na binadamu, au katika mazingira ya binadamu, huelekea kuamini kwamba sokwe hawako hatarini au kwamba wanafaa kufugwa nyumbani. Mwaka 2021 wataalamu wa IUCN walitoa mwongozo wa picha za sokwe, nyani na jamaa zao. Unashauri mashirika yasichapishe picha za watu wakiwagusa au wakiwalisha wanyama hao kwa mkono.

Kwa hiyo makao mengi sasa huwataka wanaojitolea kusaini ahadi ya kutochapisha picha za namna hiyo. Kanuni kama hiyo huwahusu pia watoto wa shule: hawapigwi picha wala kuonyeshwa mtandaoni bila ruhusa ya wazazi na ya shule.

## Gharama na ajira

Makao mengi huwatoza watu wa kujitolea ada ya chakula, malazi na mchango kwa kituo. Nauli ya ndege, bima, viza na chanjo ni juu ya mwenyewe. Ada hizo husaidia kununua chakula na dawa. Pale ambapo kampuni ya usafiri inapokuwa katikati, sehemu ya fedha hubaki kwake.

Wakosoaji huuliza kwa nini mtu alipe ili afanye kazi ambayo kijana wa kijiji cha jirani angeifanya kwa ujira. Swali hilo lina uzito, kwa kuwa ajira ni mojawapo ya njia kuu za makao kujenga uhusiano na majirani. Mtunzaji anayepata mshahara hulisha familia, hununua dukani kijijini, na huwa shahidi wa uhifadhi kila anaporudi nyumbani. Mkulima anayeuzia makao ndizi na mapapai naye ana sababu ya kutaka yaendelee kuwapo. Mtu wa kujitolea anafaa pale anapoongeza fedha au ujuzi usiopatikana karibu, kama vile wa daktari wa wanyama anayewafundisha wenzake. Akichukua zamu ya mwenyeji, hasara huwa kubwa kuliko faida.

Kuna pia vituo vya uongo, vinavyonunua wanyama wachanga ili wageni wapate wa kubeba. Dalili zake ni kuruhusu wageni kuwashika wanyama, kuwa na wachanga wapya kila msimu bila maelezo ya walikotoka, kuuza wanyama au kuwazalisha, na kutokuwa na uhusiano na mamlaka ya wanyamapori ya nchi.

## Masharti kabla ya safari

Masharti hutofautiana kati ya nchi na kituo, lakini kwa kawaida mwombaji hutakiwa kuwa na:

* umri wa mtu mzima na afya njema;
* kipimo cha kifua kikuu, na chanjo kama za surua, polio, homa ya ini na pepopunda;
* cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho ni lazima kwa kuingia Uganda na Kongo;
* bima inayogharamia kusafirishwa mgonjwa;
* cheti cha polisi cha tabia njema, hasa kwa atakayekuwa karibu na watoto;
* kibali halali. Viza ya utalii haitoshi katika nchi nyingi. Kwa Tanzania wanaojitolea huombewa kibali cha ukaazi cha daraja C.

Anayefika hukaa kwanza siku kadhaa bila kuwakaribia wanyama, ili ionekane kama ameugua njiani. Mwenye mafua, kuhara au vidonda vya mdomoni hapewi kazi karibu na sokwe hadi apone.

## Kurudishwa msituni

Lengo la mwisho la makao ni sokwe kuishi porini, lakini ni wachache wanaofikia hatua hiyo. Unahitajika msitu mkubwa wenye matunda, usio na wawindaji, na usio na sokwe wenyeji wengi ambao wangewashambulia wageni. Jaribio linalojulikana zaidi lilifanywa na shirika la HELP Congo katika hifadhi ya Conkouati-Douli, Jamhuri ya Kongo, ambako sokwe 37 waliachiwa kuanzia mwaka 1996. Waliofuatiliwa kwa miguu kila siku walionyesha kwamba yatima wanaweza kujifunza upya, kupata wenza na kuzaa, ingawa baadhi yao waliuawa na sokwe wa porini. Kwa walio wengi, makao ndiyo nyumbani hadi mwisho wa maisha.

Kwa hiyo matokeo ya kujitolea hayapimwi kwa idadi ya sokwe waliobebwa wala ya wageni waliopita. Hupimwa kwa yale yanayobaki mgeni akishaondoka: mtunzaji mwenye ujuzi zaidi na mshahara wa uhakika, mwalimu mwenye vifaa vya kufundishia kwa lugha ya wanafunzi wake, na kupungua kwa idadi ya yatima wapya wanaoletwa langoni. Nchini Sierra Leone, ambako Tacugama imefanya kampeni ya elimu kwa miaka mingi, serikali ilimtangaza sokwe kuwa mnyama wa taifa mwaka 2019. Hata hivyo mwaka 2025 makao hayo yalijifungia kwa wageni kupinga ukataji wa msitu unaoyazunguka.

## Tazama pia

* Sokwe
* Jane Goodall
* Hifadhi ya Taifa ya Gombe
* Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale
* Kisiwa cha Rubondo
* Uhifadhi wa mazingira